Oili ya Mgongo

Asubuhi ile pale Kibondo, Lukmani hakuwa na hili wala lile. Alikuwa na chai ya rangi na kipande cha muhogo, basi. Ndipo alipomwona mzee mmoja akijaribu kuinuka kwenye benchi la mgahawa. Mzee aliweka mkono mmoja kiunoni na mwingine mezani, akasema, "Aaai, mgongo wangu," akakaa tena. Dukani ng'ambo ya barabara mama mmoja alikuwa akinunua sabuni, naye mkono kiunoni. Akapita kijana anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, akasimama kupumua, na mkono wake ukaenda kule kule. Ulikuwa msimu wa palizi ya maharage, na wilaya nzima ilikuwa imeinama tangu mvua zianze.

Mtu mwingine angewaonea huruma. Lukmani aliweka kikombe chini taratibu. Miaka ya nyuma aliwahi kuuza sumu ya panya ambayo panya walinenepa nayo, na kabla ya hapo miwani ya kusomea, akiwauzia watu wasiojua kusoma. Zilikuwa biashara nzuri, ila zilikuwa na kasoro moja: mteja alikuwa akikutazama usoni wakati wote, na mtu aliyekutazama usoni anakukumbuka. "Lakini mgongo," Lukmani alijiambia, "anayetibiwa mgongo anatazama kwingine." Kipele kilikuwa kimepata mkunaji.

Haikuchukua muda akawa na koti jeupe, kipaza sauti cha betri, na bango la mifupa ya binadamu alilolinunua kwa mwalimu aliyehamishwa. Chini ya bango aliandika: Dokta Lukmani, Bingwa wa Uti. Chuo kilichompa ubingwa huo kilikuwa na mwanafunzi mmoja, mwalimu mmoja na kioo kimoja. Dawa yenyewe aliichanganya kwenye chupa: dawa ya maumivu, dawa ya kupunguza uvimbe aliyoinunua duka la mifugo, na maji ya kuongezea wingi. Tena, tusimwonee, dawa ilituliza kweli. Mtu aliingia ameinama akatoka amesimama wima, na furaha hiyo ilidumu siku za kutosha kumfikisha Lukmani kwenye mnada mwingine.

Siku ya mnada wa Makere alitandika turubai, akalitundika bango, akashika kipaza sauti.

"Baba yangu, wewe mwenye kofia! Mnyororo wa baiskeli ukikosa oili unafanyaje?"

"Unalia!" mzee mmoja aitwaye Venanti akajibu kwa niaba ya watu wote.

"Na ukiendelea kuukanyaga?"

"Unakatika!"

"Sasa huo mgongo wako, mara ya mwisho umeutia oili lini?"

Watu wakatazamana. Ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi. Wakajipanga.

Katika foleni hiyo alikuwamo bibi Esteri, mama mjane aliyeletwa nchini mgongoni kwa mama yake wakati wa vita vya Burundi, akakulia huku, akapata uraia huku, na kuuchosha mgongo wake kwenye maharage ya huku. Nyuma yake alisimama mwanawe Reverien, mkulima mwenye mabega ya kutosha watu wawili, na mke wa Reverien, Kezia, aliyekuwa na tabia mbaya ya kuuliza maswali.

"Dokta," Kezia alisema, "mbona sindano hiyo sikuona umeitoa kwenye pakiti?"

"Mama, jembe jipya na jembe lililozoea shamba, lipi linalima vizuri?"

"Lililozoea."

"Umejijibu mwenyewe."

"Lakini umemchoma nayo huyo mzee sasa hivi."

"Na umeona alivyosimama! Unataka nianze upya na sindano isiyo na bahati?"

Bibi Esteri alimvuta mkwe wake kando. "Keziya, mwache daktari afanye kazi. Hujasikia nilipofika kaniita mama yake?"

Akachomwa mama, akachomwa mwana, sindano moja. Malipo yalikuwa debe la maharage kwa kila mgongo, kwa sababu Lukmani aliwajua watu wa huku: fedha wangezificha, lakini maharage walikuwa wamekuja nayo.

Zaidi ya wiki nzima nyumba ile ilikuwa na raha. Walikaa kijiji cha mlimani, upande wa nyuma wa Kabanga, na Reverien alilima mpaka majirani wakauliza anakula nini. Kisha homa ikaja. Mgongo nao ukarudi na maumivu ya namna nyingine, yaliyomfanya mwanaume mzima asage meno akigeuzwa ubavu. Walidhani malaria, kipimo kikakataa. Siku Reverien alipoamka akasema miguu ina ganzi na haja ndogo imegoma kutoka, Kezia alikimbia mpaka zahanati bila kufunga mlango.

Muuguzi wa zahanati, Anifa, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi huku, alikuja mwenyewe. Alibonyeza mgongo mahali pamoja tu, na Reverien akapiga kelele.

"Alichomwa hapa? Mnadani?" Anifa akavuta pumzi. "Sikiliza, mdogo wangu. Uchafu ukiingia na sindano mgongoni, unatunga usaha karibu na mishipa inayoendesha miguu. Usaha ukiibana, unaipoteza miguu, na inaweza isirudi. Mpelekeni hospitali ya Kabanga leo, si kesho. Na ile dawa aliyochomwa, kama kuna namna ya kuipata, ipatikane. Wakiipima maabara watajua wanapigana na mdudu gani, wasipapase."

"Na mama mkwe? Alichomwa sindano ile ile."

"Naye aende."

Bibi Esteri alikuwa mlangoni, amejifunga kitenge mpaka shingoni ingawa jua lilikuwa limetoka. "Mimi? Mimi mzima. Yule daktari kanishika vizuri, hata sikusikia. Hiki kijoto ni cha mvua." Na hapakuwa na wa kumbeba kwa nguvu, kwa kuwa wabebaji walihitajika kwa mwanawe.

Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, gari halikupita. Pikipiki ingepita, lakini mtu asiyeweza kukaa huwezi kumpakia pikipiki. Ikabaki ingobyi, machela ya mianzi wanayobeba mabegani watu wa huku tangu enzi za mababu, na sheria yake ni fupi: atakayekutana na ingobyi njiani anatua mzigo wake na kushika mti. Hata awe diwani. Anayekataa, siku akiugua atajibeba.

Wanaume wa kijiji wakiongozwa na Evaristi, fundi matofali mwenye ngumi zinazofanana na kazi yake, wakamlaza Reverien, wakamfunika kitenge mpaka usoni kwa ajili ya manyunyu, wakaondoka. Kezia alitembea pembeni ameshika mguu wa mumewe kupitia kitenge. Kila baada ya hatua kadhaa aliuminya na kuuliza, "Unausikia?" Na kila mara jibu lilichelewa zaidi kidogo. Aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa maishani.

Wakavuka kilima cha kwanza. Na pale bondeni, kwenye njia ya panya ambayo mtu mwenye leseni hana haja nayo, alikuwa anakuja bwana mmoja anasukuma baiskeli. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na gunia la maharage. Kwenye usukani kulikuwa na mkoba mweusi. Koti jeupe lilikuwa limekunjwa juu ya gunia.

Lukmani alipoiona ingobyi alifanya anachofanya mgeni mstaarabu asiyetaka kubeba: akaingia kwenye nyasi, akavua kofia, akainamisha kichwa kama aliyekuta msiba.

Evaristi, ambaye naye alikuwa mnadani siku ile, alimtambua. Akakunja ngumi. Kezia naye alimtambua, na moyo wake ulitaka kupiga yowe moja tu, lile yowe fupi la "Mwizi!" ambalo mlima mzima ungelijibu kwa fimbo. Lakini alijua yatakayofuata. Angepigwa, mkoba ungeruka, chupa ingevunjika juu ya jiwe. Au angekimbia na mkoba wake. Kezia akameza yowe lake. Lilikuwa chungu.

"Mungu wangu!" akasema badala yake, akipiga makofi. "Dokta wa mgongo! Si wewe? Jamani, si huyu tuliyemtafuta Makere yote?"

Sura za minadani Lukmani hakuzishika, na mguu wake mmoja ulikuwa umeshageukia vichakani. "Mnanitafuta kwa heri au kwa shari, dada yangu?"

"Humjui huyu? Huyu ni mzee Niyomwungere wa Mabamba! Mwenye duka la jumla! Mwenye Fuso zinazovusha maharage mpakani!"

Mguu ukarudi. "Mwenye Fuso anabebwa na mianzi?"

"Fuso gani itapita hapa? Hujaona daraja? Mgongo umemkamata akiwa kwa shemeji zake mlimani. Kakutafuta wewe, kakukosa, ndiyo tunampeleka hospitali kwa shingo upande."

Lukmani akavaa koti. "Basi shida imekwisha. Mtueni hapo kwenye nyasi, dakika moja tu, kabla hamjapumzika nimeshamaliza."

Alikuwa ameshaanza kufungua mkoba. Kezia aliona ncha ya sindano ikichungulia. Kabla hajapata uongo wa pili, sauti ikatoka chini ya kitenge, nzito na ya polepole, sauti ya mtu mwenye Fuso.

"Siyo hapa," alisema Reverien. "Wale madaktari wa Kabanga walinidharau. Nataka unichome mbele yao, waone haya. Nitakulipa ng'ombe."

"Mzee wangu!"

"Lakini nitajuaje wewe ni bingwa? Matapeli ni wengi siku hizi."

"Wamezidi, mzee. Wanatuharibia jina."

"Basi mpeni mti abebe. Bingwa wa mgongo nione kwanza mgongo wake."

Kwa maumivu aliyokuwa nayo Reverien, maneno hayo machache yalimtoa jasho kuliko shamba. Lakini Kezia alisikia watu wanazuia kicheko, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akapumua.

Wakampa Lukmani mti wa nyuma, ule wa upande wa mteremko. Kijana mmoja akachukua baiskeli. Mkoba Lukmani hakuutoa: aliuvaa shingoni. Evaristi akawa mbele yake, anageuka kila mara kumtazama kwa jicho ambalo halikuwa la udaktari. Kezia akaona hili halitafika mbali. Akaanzisha wimbo.

Ingobyi hubebwa kwa wimbo, mmoja anaita na wengine wanaitikia, na nyimbo zenyewe hutungwa pale pale kwa Kirundi cha nyumbani. Lukmani alijua Kiswahili cha mikoa mingi, lakini Kirundi alikijua kwa salamu tu. Kwa hiyo Kezia aliimba kwa nafasi. Aliimba kwamba huyu anayebeba nyuma ni yule mchomaji. Kwamba asiguswe, maana shingoni ana chupa yenye uhai wa Reverien. Kwamba atakayeinua mkono atamjibu yeye Kezia. Na kwamba mvuvi hampigi samaki kelele. "Ntimumukubite," aliita, yaani msimpige, na wanaume wakaitikia, "Buhoro buhoro," yaani polepole, tumfikishe. Lukmani, aliyekuwa na sauti nzuri na aliyependa watu wajue, akakidaka kiitikio upesi. Alikiimba kwa hisia kuliko wote. Evaristi ilibidi ajifanye anakohoa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kupanda vilima vya nyuma ya Kabanga wakati wa masika. Kilima cha pili Lukmani alisimulia wagonjwa wake mashuhuri. Kilima cha tatu alisimulia kwa ufupi. Mtoni, maji yalipomfika mapajani na mti ukamlalia begani, alikata hadithi katikati akabaki na ng'ombe tu kichwani, akimhesabia rangi na pembe.

"Mzee," alihema, "huyo ng'ombe... ana maziwa?"

"Mengi," kitenge kikajibu, hafifu sasa.

Walipoyaona mabati ya hospitali Kezia alitangulia mbio. Alimkuta daktari wa zamu, Dokta Japhet, kijana mpole kutoka Singida, akamweleza yote kwa pumzi moja: homa, ganzi, haja ndogo, sindano, mnada, chupa, Fuso, ng'ombe. Daktari alielewa yale ya kwanza mara moja na kuagiza kitanda. Yale ya mwisho yalimchukua muda.

"Kwa hiyo mimi nifanye nini?"

"Jifanye umeshindwa, dokta. Tafadhali. Ukimtishia ataimwaga dawa."

Dokta Japhet hakuwa mwigizaji. Ingobyi ilipoingia alisimama mlangoni amenyoosha mikono kama mtoto anayekariri shairi shuleni. "Karibu, bingwa," alisema. "Sisi hapa, eeh, tumeshindwa. Tunaomba utufundishe."

Mtu mwenye akili timamu angeshtuka. Lakini Lukmani alikuwa ameisubiri sentensi hiyo maisha yake yote. Mgongo wake ulikuwa unawaka moto, koti lilikuwa tope mpaka kwapani, na bado alisimama akatabasamu. Wauguzi wakasogea. Reverien akapitishwa kwenda chumba cha ndani, "kuandaliwa," na kule ndani wenye kazi yao walikuwa wameshaanza kazi.

"Wenzangu," Lukmani alianza, "tatizo lenu ni vitabu. Mgongo hausomi."

"Kweli kabisa," alisema Dokta Japhet. "Ndani ya chupa kuna nini?"

"Siri ya kazi."

"Mzee Niyomwungere amesema hachomwi kitu asichokijua. Yule wa ng'ombe."

Lukmani alikohoa, akataja. Alitaja dawa ya maumivu, akataja ile ya duka la mifugo kwa jina na rangi ya kifuniko. Daktari alikuwa anaandika kwa haraka.

"Na maji?"

"Ya kisima. Yako hai. Haya yenu ya chupa yamekufa."

"Na sindano unachemsha?"

"Moto unaua nguvu ya chuma, dokta. Mimi sindano moja inamaliza mnada."

Muuguzi mmoja akatoka nje ghafla. Dokta Japhet alivaa glavu, akanyoosha mkono. "Naomba nione chupa hiyo hiyo uliyotumia Makere." Na Lukmani, kwa madaha ya mtu anayemkopesha jirani moto, akampa. Chupa ikapokelewa na mtu wa maabara, ikaondoka kwa mwendo wa haraka, na mlango ukafungwa nyuma yake.

"Sasa," alisema Lukmani, "ng'ombe wangu anafungwa wapi?"

Kezia akamsogelea. "Hakuna ng'ombe. Aliyekuwa kwenye ingobyi ni mume wangu, Reverien. Ulimchoma Makere. Wewe."

Lukmani alimtazama, akajaribu kukumbuka kweli kweli. "Dada yangu, mimi nachoma wengi. Sura zenyewe sizioni. Wote wananigeuzia mgongo."

"Huyo ambaye hukumwona ndiye analima shamba letu," Kezia alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi, mbele ya watu, bila kuficha. "Ndiye anayewabeba wanangu kwenda kanisani. Tangu asubuhi namshika mguu namuuliza kama anausikia. Umembeba begani vilima vyote vile na hukuuliza hata mara moja anaumwa nini. Umeuliza maziwa."

Tumeshasema mtu huyu aliweza kuuza sumu inayonenepesha panya. Lakini pale alifanya kile anachofanya kila anapoishiwa maneno, akalenga dirisha. Aliruka vizuri, ila kiuno hakikumfuata. Kilikwama hapo hapo, nusu ameinama, mkono mmoja kwenye kizingiti na mwingine mahali ambapo tangu mwanzo wa msimu huu aliona mikono ya watu wengine.

"Aaai," alisema Dokta Lukmani. "Mgongo wangu."

Evaristi alimbeba kumlaza kitandani, kwa upole uliomtisha kuliko kipigo. Muuguzi alipokuja na bomba la sindano la kumpunguzia maumivu, wadi nzima ilisikia.

"Hiyo imetoka wapi? Pakiti yake iko wapi? Umenawa? Nawa tena nikikuona! Jamani, hapana, nileteeni vidonge!"

Wakamletea vidonge. Jioni wabebaji waliopika kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa walimletea na chakula, ugali na maharage, na alikula sahani nzima akiyasifu kabla hajaliona gunia lake limekaa tupu mlangoni.

Wenye roho nyepesi nawaambia mapema, msikae na wasiwasi: miguu ya Reverien ilirudi. Usaha ulitolewa, maabara ikamtambua mdudu, akapewa dawa ya mshipani inayomjua adui wake, wiki nyingi, mpaka akachukia dari la wadi. Lakini Kezia alilala na nusu ya moyo. Nusu nyingine ilikuwa nyumbani, imejifunga kitenge mpaka shingoni. Alimpigia mama mkwe simu kila siku. Kila siku alijibiwa kwamba kijoto ni cha mvua, na kwamba huyo daktari wa Kabanga ana wivu na mwenzake.

"Wote waliochomwa siku ile wapimwe," Dokta Japhet alisema. "Lakini tutawapataje? Hata yeye hawajui kwa majina."

"Anawajua kwa mnada," alisema Kezia.

Kwa hiyo siku ya mnada uliofuata, gari la hospitali lilisimama Makere. Akashuka koplo wa polisi aitwaye Mwatumu, akashuka Kezia, akashuka na Lukmani, amefungwa mkanda wa kiunoni wa kushikilia mgongo, na pingu mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na kipaza sauti chake mwenyewe. Kesi ilikuwa inamngoja Kasulu, na koplo alikuwa amemweleza kwamba hakimu angependa kusikia alisaidia.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Lukmani alishika kipaza sauti akasema kweli.

"Ndugu zangu, mimi si daktari. Niliwachoma sindano chafu. Mnaweza kuwa mnaumwa na hamjui. Gari hili hapa, kipimo ni bure. Tafadhali pandeni."

Hakuna aliyepanda.

"Wamemnunua!" alipaza sauti mzee Venanti, yule aliyejibu kuhusu mnyororo. "Hospitali wamemnunua! Wamemfunga pingu kwa sababu amewashinda kututibu!"

"Nimesema niliwatapeli, mzee!"

"Unasema hivyo kwa kuwa umeshikwa. Mimi nimepona."

"Tena eti bure," mama mmoja akasema. "Siku hizi kuna cha bure?"

Na nyuma kabisa, chini ya kibanda cha muuza vitenge, bibi Esteri alikuwa amesimama akitikisa kichwa kwa masikitiko. Uso wake ulikuwa umepauka. Alijishikilia nguzo ya kibanda, na Kezia aliona kwamba mguu wake mmoja haukai sawa. Alimkimbilia, akampigia magoti palepale kwenye tope, akamsihi kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Bibi alimwinua kwa mapenzi, akampangusa kanga. "Mwanangu, usihangaike. Kama ni kitu cha maana wasingekigawa barabarani."

Kezia akarudi kwa Lukmani. Alimsimamia karibu sana.

"Ukweli hawautaki."

"Naona. Mimi mwenyewe umenishangaza."

"Basi fanya ile kazi yako."

Lukmani akamtazama koplo. Koplo Mwatumu alitazama juu, akatazama chini, akasema, "Mimi naona muwa mzuri pale. Naenda kununua. Nisilolisikia sitaulizwa." Akamfungia pingu yake kwenye mlango wa gari, akaenda zake.

Lukmani akavuta pumzi. Akauweka mkanda vizuri. Kisha sauti ikatoka, ile yenyewe, yenye asali na sukari guru.

"Samahanini sana! Samahanini, kumetokea kosa! Dereva, washa gari! Nimeambiwa sasa hivi nisiwatangazie watu wote. Kipimo hiki ni cha wakubwa, kimeletwa kwa ajili ya watumishi wa wilaya na familia zao. Mashine inaondoka kesho. Nafasi zilizobaki ni chache mno, na nimeshapigiwa simu na mtu wa Kibondo anazitaka zote. Mama, usisogee! Baba, tafadhali, usiguse mlango, hii si ya kila mtu!"

Mzee Venanti alikuwa wa kwanza kuguna. "Si ya kila mtu kwa nini? Sisi si watu?"

"Mzee, nakuomba. Ulishasema umepona."

"Nani kasema nimepona? Nina mgongo tangu utawala wa kwanza!"

"Familia za wakubwa tu!"

"Mkubwa gani kachomwa na wewe? Tumechomwa sisi! Haki yetu!"

Ikawa vurugu. Watu waliacha kuku, wakaacha madebe. Waliopenya mlangoni walivutwa na waliochelewa, na waliochelewa wakaingilia dirishani. Mama aliyeuliza kama kuna cha bure alipita chini ya mkono wa dereva. Lukmani alizidi kuwakataza, kwa huzuni, karibu kwa machozi, na kila alipokataza walizidi. Dereva alipiga simu kuomba gari la pili.

Katikati ya msukumano huo Kezia aliona kitenge anachokijua. Bibi Esteri alikuwa anakuja anachechemea, viwiko viwili mbele, akimsogeza huyu na kumkanyaga yule bila samahani. Vipimo vya kesho yake vingemkuta usaha umeanza kutunga pale pale ulipotunga wa mwanawe, mdogo bado, wa kuwahiwa. Yeye hakujua hilo, wala asingelikubali. Alijua tu kwamba kuna kitu wakubwa wanataka kula peke yao. Alimpiga mzee Venanti kiwiko cha ubavu, akajivuta juu ya ngazi ya gari, akakaa kiti cha mbele kabisa, akaweka mkoba wake mapajani. Ndipo akamgeukia mkwe wake, amekasirika kweli kweli.

"Keziya! Kila siku unanipigia simu, nenda hospitali, nenda hospitali. Mbona hukuniambia nafasi ni chache?"